Mama Saba Ndani ya Mwamba

Ellora, katika jimbo la Maharashtra, magharibi mwa India, ni mteremko wa mlima uliochimbwa kwa nyundo na patasi kwa karne kadhaa, hadi ukawa na mapango 34 ya ibada. La 1 hadi la 12 ni ya Wabudha, la 13 hadi la 29 ni ya Wahindu, na matano ya mwisho ni ya Wajaini. Wageni wengi wakishuka garini huelekea moja kwa moja namba 16, hekalu la Kailasa, lililochongwa kutoka juu kwenda chini katika karne ya 8, enzi ya mfalme Krishna wa Kwanza wa nasaba ya Rashtrakuta. Siwalaumu. Hekalu zima, pamoja na nguzo zake, madaraja yake na safu za tembo wanaolibeba, limetoka katika mwamba mmoja. Lakini anayeishia hapo ameona ufalme tu. Anayetaka kujua watu wa kawaida waliomba nini katika milima hii, aende pango la 14 au la 21, asimame ndani mpaka macho yazoee giza, kisha atazame kuta za pembeni. Hapo wameketi wanawake saba kwa safu.

Wanaitwa Saptamatrika, Mama Saba. Katika pango la 14, ambalo wenyeji huliita Ravan ki Khai, wamechongwa kwenye ujia unaozunguka chumba kitakatifu cha ndani. Kila mmoja ana kiti chake, na chini ya kiti yupo mnyama anayemtambulisha. Brahmani ana bata bukini, Maheshvari ana fahali, Kaumari ana tausi, Vaishnavi ana Garuda, yule ndege anayembeba Vishnu. Varahi ana nguruwe mwitu na Indrani ana tembo. Karibu wote wana watoto, huyu amempakata wake, yule wake amesimama ubavuni. Nyuso nyingi zimevunjwa na mikono mingi imekatika, ila mkao wa mtu aliyepakata mtoto haujifichi hata kichwa kikiwa kimeondoka. Kwa macho yangu, hakuna sehemu nyingine katika mlima ule ambapo jiwe limekaribia maisha ya kila siku kiasi hicho.

Kisha yupo wa saba. Chamunda hana mwili mnene wala matiti yaliyojaa kama wenzake. Tumbo lake limebonyea, mbavu zinahesabika, macho yametumbukia ndani ya fuvu. Bundi ndiye ndege wake. Mahali pengine huonyeshwa amekalia maiti, amevaa mkufu wa mafuvu. Na kana kwamba yeye hatoshi, karibu na safu hiyo wachongaji waliongeza mifupa mitupu ya Kala na Kali, Wakati na mwenzake wa kike, wote wawili wakiwa ni mauti yenye umbo la binadamu. Pango la 21, lililochongwa mwishoni mwa karne ya 6, lina mpangilio wa namna hiyohiyo: Mama wameketi katika chumba cha pembeni, na mifupa iko hatua chache kutoka walipo.

Kwa nini wanawake waliopakata watoto wamewekwa jirani na mifupa? Jibu la haraka, lile analopewa mgeni na waongozaji wengi, linatoka katika Devi Mahatmya, utenzi wa Kisanskrit wa beti 700 ulio ndani ya Markandeya Purana, ambao wataalamu wengi wanauweka karibu na karne ya 6. Humo Mungu wa Kike anapigana na majeshi ya mapepo. Miungu wa kiume wameshindwa, na nguvu zao zinawatoka miilini zikiwa wanawake: kutoka kwa Brahma anatoka Brahmani, kutoka kwa Shiva anatoka Maheshvari, na kuendelea. Kila mwanamke ana silaha na mnyama wa mungu aliyemtoa. Adui mgumu kuliko wote ni Raktabija, kwa maana kila tone la damu yake likigusa ardhi linaota Raktabija mwingine. Mama wanamkatakata, na kila wanavyomkata ndivyo uwanja unavyozidi kujaa maadui. Hatimaye Chamunda anapanua kinywa na kuinywa damu kabla haijafika chini, mpaka pepo anakauka na kuanguka. Kisa kingine, katika Matsya Purana, kinasimulia kwamba Shiva aliwaumba Mama wengi ili wanywe damu ya Andhaka, pepo mwenye tabia hiyohiyo. Kwenye kisiwa cha Elephanta, katika bandari ya Mumbai, Shiva amechongwa akimuua Andhaka huku ameshika bakuli la kukinga damu.

Simulizi hizo zinaeleza wanyama, silaha na kiu ya Chamunda. Watoto haziwaelezi. Hakuna anayekwenda vitani na mtoto mchanga mapajani, na katika beti zote za vita vile hakuna Mama anayenyonyesha. Wachongaji wa pango la 14 walikuwa wanakumbuka jambo la zamani zaidi.

Jambo hilo limehifadhiwa katika Mahabharata, kwenye masimulizi ya kuzaliwa kwa Skanda, mungu kijana wa vita. Skanda alizaliwa na nguvu za kutisha, na miungu wakaogopa. Wakatumwa Mama wa Ulimwengu wakamuue akiwa bado mchanga. Walipomfikia na kumtazama, maziwa yakawachuruzika vifuani, nao wakamwomba awe mtoto wao. Walezi wengine wa Skanda ni Krittika sita, nyota zilezile ambazo wakulima na mabaharia wa pwani yetu wanaziita Kilimia, na kutokana nao anaitwa pia Kartikeya. Lakini kisa hakiishii kwenye maziwa. Mama wanamwambia Skanda kwamba wanataka watoto wa binadamu wawale. Skanda anasikitika, ila hawanyimi kabisa: anawapa ruhusa ya kuwatesa watoto mpaka watimize umri wa miaka 16, kisha anawasihi wawahurumie wale ambao wazazi wao wanawaheshimu. Baada ya hapo yanafuata majina ya roho zinazowakamata watoto na kuharibu mimba, na mmojawapo huja kwa umbo la ndege.

Msomaji aliyekulia pwani hahitaji kufafanuliwa sana hapo. Bibi zetu waliposema mtoto amepatwa na degedege, walimwona ndege wa usiku aliyepita juu ya paa na kivuli chake kikamwangukia mtoto, na dawa ilianza kwa kumshughulikia ndege kabla ya homa. Wanawake wa India ya kale walikuwa katika hali hiyo. Mtoto alilala mzima akaamka anatetemeka, siku tatu baadaye akazikwa, na aliyemchukua alihitaji jina. Wakampa jina la Mama. Nadhani walichagua hivyo kwa kuwa anayeweza kumchukua mtoto lazima awe na haki fulani juu yake, na anayeitwa Mama anaweza kubembelezwa akarudishe alichoshika.

Sanamu za kwanza za viumbe hao hazikuwa mapangoni. Zilichongwa Mathura, kusini mwa Delhi, katika karne za mwanzo BK chini ya wafalme wa Kushan. Ni vibao vidogo vya mawe ya mchanga mekundu vyenye wanawake waliokaa kwa safu, baadhi wakiwa na vichwa vya ndege au wanyama, na mikononi wana vichanga. Idadi yao bado haijatulia kwenye saba. Hawana alama ya Vishnu wala Shiva. Kwenye miaka ya 420, waziri wa mfalme mmoja wa Malwa aliwajengea Mama hekalu huko Gangdhar, na maandishi yaliyobaki hayasemi lolote kuhusu upole wao: yanaeleza nyumba ya kutisha iliyojaa roho za kike zinazopiga kelele na kuzivuruga bahari kwa pepo za uchawi wao. Huyu ni mtu wa serikali, mwenye mali, anayejenga kwa heshima zote, na bado anaandika kwamba anaowajengea wanatisha.

Wabudha nao walikuwa na kisa chao, na mlima wa Ellora una sanamu zake pia. Hariti alikuwa pepo wa kike mwenye watoto mamia, aliyewala watoto wa watu. Buddha akamficha mtoto wake mdogo chini ya bakuli la kuombea chakula. Hariti akazunguka dunia nzima akilia, kisha akaja kwa Buddha, naye akamuuliza: ikiwa wewe unalia hivi kwa mmoja kati ya mamia, wale uliowachukulia mmoja kati ya wawili wanaliaje? Hariti akaacha, akawa mlinzi wa watoto. Katika pango la 2 la Ajanta, kilomita mia moja hivi kutoka Ellora, ameketi katika kijichumba chake pamoja na mumewe Panchika, ana mtoto mapajani, na chini yao umechongwa msafara wa watoto wanaocheza. Watawa waliofundisha kwamba tamaa ndiyo chanzo cha mateso walimtengea nafasi ndani ya nyumba yao ya ibada, kwa sababu walijua wanawake wa vijijini watapanda mlima na vichanga vyao na watahitaji mahali pa kusimama.

Kwa hiyo kabla ya miungu wakubwa wa kiume kuwapa Mama majina yao, Mama walikuwepo. Huo ndio usomaji wangu wa safu ile ya pango la 14. Sita wamevishwa sare za Brahma, Shiva, Skanda, Vishnu na Indra, wakapewa wanyama wa kuheshimika na nafasi ndani ya hekalu la Shiva. Sheria ya kawaida ya uchongaji ikawawekea Shiva upande mmoja na Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, upande wa pili, kwa hiyo safu ina mwanamume mwanzo na mwisho. Watoto ni mabaki ya kazi yao ya zamani. Chamunda, ambaye hakuna mungu wa kiume aliyefanikiwa kumvisha sare, ndiye sura yao ya kale iliyoachwa wazi ili muumini asisahau anazungumza na nani.

Wafalme waliliona hilo wakalitumia. Wachalukya, waliotawala kutoka Badami katika Karnataka ya leo tangu karne ya 6, walijieleza katika maandishi yao ya kutoa ardhi kwa maneno yaliyorudiwa kizazi baada ya kizazi: wao ni wana wa ukoo wa Hariti, wamelelewa na Mama Saba, wamelindwa na Kartikeya. Mfalme anayelelewa na wale wanaoua watoto wa wengine ni mfalme wa kuogopwa. Ukienda Ravana Phadi, pango dogo la Aihole lililo katika eneo lao, utawakuta Mama walewale, lakini hawajaketi. Wamesimama wembamba, warefu, na mataji marefu kichwani na nguo zenye mistari iliyochongwa kwa uangalifu wa mfumaji, huku Shiva mwenye mikono kumi akicheza katikati yao. Watoto hawapo. Ni sanamu nzuri kuliko za Ellora, na mchongaji wake alikuwa fundi hasa, lakini mwanamke mwenye mtoto mgonjwa angeona shida kujua aanzie wapi kuzungumza nao. Hawa ni Mama wa ikulu.

Kabla ya hapo, Udayagiri, karibu na Vidisha katika Madhya Pradesh, ndiko tunakowakuta Mama wakiwa ndani ya mradi wa dola. Pango la 6 lina maandishi ya mwaka wa 82 wa kalenda ya Gupta, yaani 401 au 402 BK, wakati wa Chandragupta wa Pili. Nje ya mlango wake amechongwa Durga, yule Mungu wa Kike wa Devi Mahatmya, mwenye mikono 12 akimkanyaga na kumchoma mkuki pepo aliyejigeuza nyati. Ni moja ya sanamu za awali kabisa za Durga ndani ya mapango. Hapohapo karibu wameketi Mama, wameliwa na mvua kiasi kwamba wamebaki vivimbe vya mawe vinavyofuatana. Na katika pango la 5 jirani, Vishnu mwenye kichwa cha nguruwe mwitu, mrefu kuliko watu wawili waliobebana, anamwinua mungu wa kike wa Ardhi kutoka baharini. Ardhi ni binti mdogo anayening'inia kwenye jino lake. Kila kiongozi aliyepita pale alielewa: nchi iliyozama inahitaji mkono wenye nguvu, na mkono huo ni wa mfalme. Sanamu hiyo inasifiwa sana, na inastahili, ila nikiitazama namwonea huruma yule binti.

Durga wa Mahabalipuram, kwenye pwani ya Tamil Nadu, ni habari nyingine. Wapallava, watawala wa huko, walichonga katika itale, jiwe gumu linalokataa madoido, na katika pango la Mahishamardini la karne ya 7 fundi wao alifanya jambo ambalo wengine hawakuthubutu: aliiacha vita haijaisha. Durga mwenye mikono minane amepanda simba, anavuta upinde, mwili wote umeinama mbele. Pepo ana kiwiliwili cha mtu na kichwa cha nyati, ameshika rungu, na ameanza kurudi nyuma. Ukuta unaotazamana naye una Vishnu amelala juu ya nyoka. Mwanamke anapigana, mwanamume amesinzia, na muumini amesimama katikati. Vita hivyo ndivyo Wahindu wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi wanavyovikumbuka kila mwaka kwa siku tisa za Navaratri, pale vijana wenye asili ya Gujarat wanapocheza garba kwa duara hadi usiku mwingi.

Mtu anayesimama mbele ya Chamunda wa Ellora anapaswa pia kufikiria ufundi. Mlima ule ni basalti, jiwe lililoganda kutoka mtiririko wa volkeno iliyofunika uwanda wa Deccan yapata miaka milioni 66 iliyopita. Wachongaji walianzia darini wakashuka, kwa hiyo hawakuhitaji jukwaa. Sakafu ndiyo iliyokuja mwisho. Sanamu haikuletwa ikawekwa. Ilibaki pale mwamba ulipoondolewa, na fundi alipaswa kujua tangu juu kwamba hapa chini atahitaji goti, pale paja, na hapo tumbo la mtoto. Kumchonga mwanamke aliyenona kunamsamehe fundi, maana kosa la patasi linaweza kulainishwa likawa mviringo. Mbavu hazisamehi. Kila ubavu ni mfereji kati ya matuta mawili, na tuta likivunjika hakuna jiwe la kurudishia. Kisha walipaka lipu na rangi, ambazo mabaki yake bado yanaonekana katika baadhi ya mapango. Tuwafikirie basi Mama hao wakiwa na rangi, chini ya taa ya mafuta inayochezacheza, na Chamunda ukutani pamoja nao.

Nje ya mapango, mito nayo ina miili. Kwenye uso wa pango la 21, Ganga amesimama juu ya makara, mnyama wa majini afananaye na mamba, na upande wa pili yupo Yamuna juu ya kobe wake. Wanawake hawa ni wazuri mno, na kila kitabu cha picha kina Ganga huyo. Kazi yao ni kumwosha anayeingia. Lakshmi wa langoni Kailasa, aliyeketi kati ya mayungiyungi huku tembo wakimmwagia maji, ana kazi ya namna hiyo. Ni miungu wa neema, na neema haihitaji maelezo marefu.

Elephanta inanihuzunisha. Watu huvuka kwa boti kutoka Mumbai kwenda kumwona Shiva mwenye nyuso tatu, sanamu ya kimo cha karibu mita sita iliyochongwa yapata katikati ya karne ya 6, nao hawakosei. Lakini upande wa mashariki kuna ua, na kwenye chumba cha pembeni ya ua huo wapo Mama pamoja na Ganesha na Kartikeya. Wameharibika vibaya, na wageni wachache hufika pale kabla boti haijapiga honi. Hata katika Kailasa, wale Mama wakubwa kama watu halisi, waliochongwa karibu watoke kabisa ukutani katika ukumbi ulio kusini mwa ua, hupitwa na watu waliochoka kutazama juu.

Vijijini hakuna anayewapita. Katika Maharashtra hiyohiyo, kando ya visima na mito, utakuta mawe saba yasiyochongwa yamepakwa unga mwekundu. Ni Sati Asara, wale saba wa majini, na wazazi wapya huwapelekea nazi na maua. Katika vijiji vya Tamil Nadu wanaitwa Mabikira Saba. Kaskazini, Shitala alikuwa mungu wa kike wa ndui: ndiye aliyeileta, na ndiye aliyeombwa aiondoe. Walipokuja wachanjaji, familia nyingi ziliogopa kwamba chanjo ingemkasirisha. Ndui ilishindwa India katikati ya miaka ya 1970, na mgonjwa wa mwisho duniani aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, mwezi wa Oktoba 1977. Ugonjwa umekwisha, lakini hekalu la Shitala huko Gurugram, jirani na Delhi, hujaa wazazi wanaopeleka watoto wao wakanyolewe nywele za kwanza.

Na uchongaji wenyewe unaendelea. Coimbatore, mji wa Tamil Nadu, una hekalu la mungu wa kike aitwaye Mariamman wa Tauni, lililotokana na miaka ambapo tauni iliua watu wengi pale zaidi ya karne moja iliyopita. Mwezi wa Mei 2021, wimbi la pili la UVIKO-19 likiwa limejaza hospitali za India, makasisi wa nyumba moja ya ibada mjini humo walichonga mungu mpya wa kike kutoka jiwe jeusi, wakamwita Corona Devi, wakamwogesha kwa maziwa na maji ya manjano, na kumwomba kila siku awaachilie wagonjwa.